Nyimbo za memori kadi na haki ya mtunzi: Mjadala wa hakimiliki mwambao wa Ziwa Tanganyika

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

Kila zinapofika siku za giza, mwezi usipoonekana, mwalo wa Kibirizi katika Manispaa ya Kigoma Ujiji huchangamka kuanzia alasiri. Wavuvi wa dagaa hupakia nyavu, taa, maji ya kunywa na chakula cha usiku, kisha huelekea maji ya kina. Miongoni mwa vitu vidogo ambavyo wengi wao hawaviachi nyumbani ni simu au spika yenye nyimbo za kutosha hadi alfajiri. Mbali na ufuko mtandao wa simu hupungua, na mahali pengine hupotea kabisa, hivyo muziki unaosikika ziwani usiku hautoki kwenye intaneti. Unatoka kwenye memori kadi.

Kadi hiyo hujazwa nchi kavu. Sokoni Mwanga, Gungu, Ujiji na kwenye stendi ya Mwandiga, kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, wapo vijana wenye kompyuta mpakato, spika na bango lililoandikwa kwa mkono, ambao kazi yao ni kurusha nyimbo na muvi kwenye simu, flashi na kadi za wateja. Kwa shilingi mia chache mteja huondoka na nyimbo nyingi kuliko atakazoweza kuzisikiliza kwa wiki nzima. Mteja ameridhika, kijana amepata riziki yake, na asiyekuwepo katika biashara hiyo ni mtu mmoja tu, naye ni aliyetunga wimbo.

Kijana huyo hajihesabu kuwa mhalifu, wala jirani zake hawamwoni hivyo. Analipa pango la kibanda, analipa umeme na, kama wafanyabiashara wadogo wengine, huenda alipata kitambulisho cha mjasiriamali kilichoanza kutolewa mwishoni mwa mwaka 2018 kwa shilingi 20,000. Kitambulisho hicho kilimruhusu kufanya biashara bila bughudha. Hakikumpa mamlaka ya kuuza mali ya mtu mwingine, na hapo ndipo mjadala wa hakimiliki unapoanzia, kwa kuwa watu wengi hawakubali kwamba wimbo ulioko hewani ni mali ya mtu kwa maana ile ile ambayo wavu au mtumbwi ni mali ya mtu.

Msimamo wa sheria ni wa muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Tanzania ilikuwa na sheria yake ya hakimiliki tangu mwaka 1966. Sheria hiyo ilifutwa na nafasi yake kuchukuliwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999, ambayo pamoja na marekebisho yake ndiyo inayotumika hadi sasa. Kwa mujibu wa sheria hiyo, mtunzi peke yake ndiye mwenye haki ya kunakili kazi yake, kuisambaza, kuikodisha, kuitafsiri, kuionesha hadharani na kuitangaza, au kumruhusu mwingine afanye hivyo. Haki hizo hudumu katika uhai wake wote na kwa miaka 50 baada ya kufariki kwake, na katika kipindi hicho cha pili hufaidiwa na warithi. Ulinzi huanza pale kazi inapobuniwa. Usajili katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, si sharti la kuwa na haki, bali ni ushahidi unaorahisisha kuidai.

Sheria hiyo hiyo haikumnyima mwananchi kila kitu. Inaruhusu mtu kunakili kazi iliyochapishwa kihalali kwa matumizi yake binafsi, inaruhusu kunukuu kwa kiasi cha haki, na inaruhusu matumizi ya kufundishia kwa sharti la kumtaja mtunzi na chanzo. Mvuvi aliyenunua wimbo na kuuhamisha kutoka simu yake kwenda kwenye kadi yake mwenyewe hana kosa. Anayejaza kadi za watu hamsini kwa siku kwa malipo amekwisha kuvuka mpaka huo, hata kama wimbo ni ule ule na kompyuta ni ile ile. Tofauti hii ndogo haielezwi vya kutosha, na matokeo yake wananchi wengi huamini ama kwamba kila kitu kinaruhusiwa, ama kwamba hata kusikiliza ni kosa.

Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao, na kifungu chake cha 24 kinahusu moja kwa moja anayetumia mfumo wa kompyuta kwa nia ya kukiuka haki za mali bunifu. Kwa anayefanya hivyo kibiashara, adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo kisichopungua miaka mitano, au vyote viwili. Kwa asiyefanya biashara, faini ni isiyopungua shilingi milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili, na mahakama inaweza kuongeza amri ya fidia kwa mwenye haki. Viwango hivyo ni vya chini, si vya juu. Kwa kijana wa kibanda cha Mwanga, milioni 20 ni fedha ambayo huenda asiione kwa miaka mingi, na ni jambo la busara kwamba mkazo umeelekezwa kwenye elimu kabla ya nguvu ya dola. Lakini ni vema ijulikane kwamba sheria ipo, na kwamba kusema “sikuuza, nimegawa tu” hakumtoi mtu ndani ya kifungu hicho.

Mtu akikaa kijiweni na kuuliza kwa nini watu hunakili kazi za wasanii, majibu huwa ni yale yale. La kwanza ni kwamba wimbo haupungui. Mwizi wa mtumbwi humwacha mwenyewe bila mtumbwi, lakini aliyenakili wimbo amemwacha mtunzi na wimbo wake. Hoja hii ina ukweli ndani yake na haistahili kupuuzwa kwa kejeli. Dagaa aliyevuliwa na mmoja hayupo tena kwa mwingine, ilhali wimbo unaweza kusikilizwa na watu elfu kwa wakati mmoja bila mmoja wao kupungukiwa. Ndiyo maana hata sheria haikuutendea wimbo kama mtumbwi, kwani mtumbwi hurithiwa kizazi hadi kizazi bila ukomo, lakini hakimiliki ina mwisho wake, kisha kazi huwa ya wote.

Hata hivyo, wakazi wa mwambao huu wanajua jambo ambalo hoja hiyo imelisahau. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024 Serikali ilisitisha shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika, katika utaratibu wa pamoja wa nchi nne zinazopakana nalo, ili samaki wapate kuzaliana. Hapakuwa na mtu aliyesema kwamba ziwa limekauka. Samaki walikuwepo, na mvuvi aliyeamka siku ya kwanza ya katazo angeweza kuwapata. Kilichokuwa hatarini ni samaki wa miaka ijayo. Kadhalika kwa muziki, wimbo uliokwisha kurekodiwa haupungui kwa kunakiliwa. Kinachopungua ni uwezo wa mtunzi kulipa studio ili arekodi wa pili, na kwa msanii anayechipukia pale Katonga au Kasulu, wimbo wa kwanza mara nyingi hulipiwa kwa fedha za kukopa.

Jibu la pili husema kwamba wasanii ni matajiri. Kigoma ina sababu ya pekee ya kulitafakari dai hili. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya mkoa huu, wakiwemo Diamond Platnumz, Mwasiti na Linex, walikusanyika chini ya jina la Kigoma All Stars na kutoa wimbo uliobeba jina la Kiha, “Leka Dutigite”. Maneno hayo yalikuwa kama kitambulisho cha mkoa, na hadi leo yanatajwa kwa fahari. Ni kweli kwamba baadhi ya waliokuwemo wana uwezo mkubwa. Ila fedha za msanii mkubwa hutokana zaidi na matamasha, matangazo ya biashara na mikataba, si na wimbo wenyewe kuuzwa. Asiyealikwa kwenye matamasha hana mlango huo. Mtunzi wa mashairi, mpiga gitaa, fundi wa studio na mwimbaji wa kiitikio hawaalikwi kutangaza soda. Wimbo unapokuwa bure, wa kwanza kuumia si yule anayeonekana kwenye mabango, ni wale walio nyuma yake.

Dai la tatu, kwamba kunakili ni kumtangaza msanii, lilikuwa na nguvu zaidi enzi za kaseti, wakati ambapo redio zilikuwa chache na wimbo ulisafiri kwa treni ya Reli ya Kati iliyofika Kigoma tangu mwaka 1914. Wapo wanamuziki wanaokiri kwamba kaseti za kudurufiwa ziliwafikisha mahali ambapo msambazaji halali hakuwahi kukanyaga. Leo msanii anayetaka kutangazwa bure anaweza kuweka wimbo wake YouTube mwenyewe, na wengi hufanya hivyo kwa hiari. Vikundi vya kaswida vya Ujiji, masheikh wanaorekodi mawaidha na kwaya nyingi za makanisa hutaka kazi zao zisambae kadiri inavyowezekana, na baadhi yao hutamka hivyo waziwazi. Hapo hapana uharamia, kwa kuwa mwenyewe ametoa idhini. Kosa liko katika kumwamulia mwingine. Kwaya iliyochangishana mwaka mzima ili kurekodi albamu, kisha ikakuta nyimbo zake zimekwisha kurushwa kwenye kadi kabla ya uzinduzi, haikuombwa ruhusa ya kutangazwa.

Jibu la nne ni umaskini na ukosefu wa njia, na hili ndilo zito kuliko yote. Mkoa wa Kigoma kwa miaka mingi ulipata umeme wa majenereta ya dizeli, na ulianza kuunganishwa na Gridi ya Taifa mwaka 2022. Bando la intaneti linalotosha kusikiliza muziki moja kwa moja mtandaoni kila siku ni gharama kubwa kwa kibarua wa mwaloni. Huduma za kimataifa za muziki zimefika nchini, Spotify ikiwa imefunguliwa Tanzania Februari 2021, lakini malipo yake ya mwezi na hitaji la mtandao wa kudumu haviendani na maisha ya mtu anayelala ziwani. Kwa mtu huyo kibanda cha kurusha nyimbo kinafanya kazi ambayo hakuna duka halali linaloifanya, ni cha karibu, cha bei nafuu na hakihitaji mtandao. Itakuwa vigumu kukishinda kibanda hicho kwa makatazo peke yake.

Uzoefu wa nchi nyingine unaelekea huko huko. Nchini Marekani, Napster ilizimwa kwa amri ya mahakama mwaka 2001, na nchini Sweden waendeshaji wa The Pirate Bay walihukumiwa kifungo Aprili 2009. Hukumu hizo hazikumaliza uharamia. Kilichowavuta watu wengi kurudi upande wa halali ni ujio wa maduka na huduma za mtandaoni ambazo zilikuwa rahisi kutumia kuliko kuiba. Kenya ilichagua njia ya ziada kwa marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2019, ambayo yaliweka utaratibu wa mwenye haki kudai kazi iliyowekwa mtandaoni bila idhini iondolewe. Utaratibu wa namna hiyo unafaa dhidi ya tovuti. Hauwezi kuigusa memori kadi iliyoko ndani ya simu ya mvuvi.

Kwa upande wa Tanzania, hatua kadhaa zimechukuliwa kwa nyakati tofauti. Mwaka 2013 ulianza utaratibu wa stempu za kodi kwenye bidhaa za filamu na muziki, ili mnunuzi aweze kuitofautisha nakala halali na ya kughushi. Stempu hiyo ilibuniwa kwa ajili ya soko la santuri za DVD na CD, soko ambalo lilianza kusinyaa muda mfupi baadaye. Mwaka 2017 waigizaji wa filamu waliingia mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam, kupinga uuzaji holela wa filamu za nje, wakisema kwamba filamu ya Kitanzania iliyolipiwa kodi haiwezi kushindana na ya kigeni iliyonakiliwa bure. Hoja yao ilikuwa na uzito kuliko ilivyopokelewa. Wengi huamini kuwa kunakili kazi ya Marekani au India hakumdhuru Mtanzania, na hali ni kwamba kila filamu ya bure ya nje huishusha bei ya filamu ya ndani iliyo kando yake kibandani.

Hapa yanapaswa kutajwa mabanda ya video, ambayo watu wa Kigoma, kama wa Dar es Salaam na Mwanza, huyaita vibanda umiza. Kwa miaka mingi mabanda hayo yameonesha filamu za kigeni zilizotafsiriwa kwa sauti ya mtu mmoja anayesimulia kwa Kiswahili juu ya picha. Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kama Lufufu, alikuwa miongoni mwa waliojijengea jina kubwa nchini kwa kazi hiyo. Kisheria, kazi ya namna hiyo ikifanywa bila idhini ina tatizo mara mbili, kwa sababu kunakili ni haki ya mwenye filamu na kutafsiri ni haki yake pia. Pamoja na hayo, haiwezekani kusema kwamba msimuliaji hakufanya kitu. Alikifanya Kiswahili kiseme kwa ufasaha na ucheshi mambo yaliyotungwa Hong Kong na Mumbai, na kuna vijana waliopata msamiati wao mpana mabandani humo. Ubunifu wake ni wa kweli, ila ulijengwa juu ya kiwanja cha mwingine. Njia ya kuuhalalisha ipo, nayo ni leseni ya tafsiri, na vituo vya televisheni vinavyoonesha tamthilia za nje zilizotiwa sauti za Kiswahili vimethibitisha kwamba kazi hiyo inaweza kulipiwa na kuwalipa waigizaji wa sauti.

Mabanda hayo hayo huonesha mpira. Kisimbuzi kilicholipiwa kwa matumizi ya nyumbani huwekwa ukumbini na watazamaji hutozwa kiingilio, hasa Mashujaa FC ya Kigoma inapocheza ugenini. Jambo hilo linahusu mkataba kati ya mwenye banda na mwenye matangazo, na dawa yake ni kifurushi cha biashara.

Si kila anayekiuka hakimiliki ni mnyonge. Aprili 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni moja ya simu kuwalipa wanamuziki Ambwene Yesaya, anayejulikana kama AY, na Hamisi Mwinjuma, Mwana FA, zaidi ya shilingi bilioni mbili kwa kutumia nyimbo zao kama miito ya simu bila idhini yao. Shauri hilo liliendelea katika ngazi za juu kwa miaka kadhaa. Umuhimu wake kwa umma haukuwa tu kiasi cha fedha. Kwa mara ya kwanza wananchi wengi waliona kwamba wimbo wa dakika chache una thamani inayoweza kupimwa mahakamani, na kwamba sheria haikutungwa kwa ajili ya kukimbizana na wachuuzi peke yao. Mwana FA baadaye alichaguliwa kuwa Mbunge wa Muheza mwaka 2020, na Februari 2023 aliteuliwa kuwa Naibu Waziri katika wizara inayosimamia utamaduni, sanaa na michezo.

Mabadiliko makubwa zaidi yametokea katika muundo wa usimamizi. COSOTA ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 kama chama, ikiwa na kazi mbili kwa pamoja, yaani kusimamia hakimiliki na kukusanya mirabaha. Mwaka 2020 ilihamishwa kutoka wizara yenye dhamana ya viwanda na biashara kwenda wizara yenye dhamana ya sanaa. Januari 2022 mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 300 iligawiwa kwa wanamuziki ambao kazi zao zilitumiwa na vyombo vya utangazaji. Katika mwaka huo huo marekebisho ya sheria yaliifanya COSOTA kuwa ofisi ya usimamizi, na kazi ya kukusanya na kugawa mirabaha ikafunguliwa kwa kampuni za wabunifu wenyewe. Mantiki yake ni kwamba anayekusanya fedha za msanii awajibike kwa msanii, na Serikali ibaki kuwa mwamuzi.

Kisha ikaja Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, iliyoweka tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vinavyotumika kurekodi, kudurufu na kuhifadhi kazi za ubunifu. Nchi kadhaa za Ulaya zimekuwa na tozo ya aina hii tangu karne iliyopita, Ujerumani ikiwa imeanza katika miaka ya 1960 kwa vinasa sauti. Hoja yake ni kwamba watu watanakili nyumbani vyovyote iwavyo, na haiwezekani kuingia kila nyumba, hivyo kiasi kidogo kichukuliwe kwenye kifaa kwa niaba ya mtunzi. Kwa Kigoma tozo hii ina maana ya moja kwa moja, kwa sababu memori kadi na flashi ndiyo njia kuu ya muziki kusafiri. Yapo maelezo mawili ambayo mwananchi anapaswa kuyashika. Kulipa tozo iliyomo ndani ya bei ya kifaa hakumpi mtu leseni ya kuuza nakala. Pia, mgawo wa fedha hizo utakuwa wa haki tu iwapo wasanii wa mikoani watakuwa kwenye daftari la wenye haki. Msanii wa Uvinza ambaye kazi zake hazikusajiliwa popote atachangia tozo anaponunua flashi, na hatapata kitu.

Mwambao huu una jambo lingine ambalo Dodoma na Dar es Salaam hawalioni kila siku, nalo ni mpaka. Muziki wa Kongo umekuwa ukisikika Kigoma tangu kabla ya uhuru, na mwanamuziki Remmy Ongala, aliyepata umaarufu mkubwa Tanzania, alizaliwa Kindu, mashariki mwa Kongo. Rumba ya Kongo iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika Desemba 2021. Kadi zinazojazwa Kalemie, Uvira na Bujumbura huvuka na abiria, na za Kigoma huvuka kurudi, na kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, iliyopokea wakimbizi kutoka Kongo tangu mwaka 1996, ina wasikilizaji wa pande zote. Tanzania imo katika Mkataba wa Berne tangu mwaka 1994, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo tangu 1963 na Burundi tangu 2016. Maana ya mkataba huo ni kwamba mtunzi wa Kinshasa anastahili ulinzi Ujiji sawa na mtunzi wa Ujiji, na kinyume chake. Kwa vitendo, hakuna afisa wa forodha anayeweza kukagua kila simu bandarini, wala haingefaa afanye hivyo. Kinachoweza kufanyika ni makubaliano kati ya taasisi za mirabaha za nchi hizi, ili muziki wa Kongo unaopigwa kwenye baa na redio za Kigoma umlipe Mkongo, na wa Kitanzania unaopigwa Bujumbura umlipe Mtanzania.

Katika elimu mizani huegemea upande tofauti kidogo. Mwalimu mwenye kitabu kimoja na darasa la wanafunzi wengi hupiga picha kurasa na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Kumweka mwalimu huyo kapu moja na mfanyabiashara wa nakala ni kutotenda haki, na sheria yenyewe imeacha nafasi kwa matumizi ya kufundishia. Aidha, sababu ya kufanya hivyo inapungua, kwa kuwa Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika Maktaba Mtandao ambako husomwa bila malipo. Kwa wasioona, Tanzania ilijiunga mwaka 2020 na Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu kazi iliyochapishwa kugeuzwa kuwa ya nukta nundu au ya sauti bila kusubiri idhini ya mwenye haki. Na zipo kazi ambazo muda wake umekwisha. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, hivyo miaka 50 ilitimia mwaka 2012, ingawa utangulizi na michoro ya matoleo mapya inaweza kuwa na haki zake yenyewe. Anayetaka kusambaza fasihi bora bure ana shamba kubwa la halali la kuvuna kabla ya kugusa riwaya iliyotoka mwaka jana, ambayo mwandishi wake bado anasubiri malipo ya toleo la kwanza.

Kundi lisilosemewa sana ni wenye ngoma za asili. Sheria ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, chini ya usimamizi wa Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Ngoma za Waha hurekodiwa kwenye sherehe kwa simu na kuwekwa mtandaoni na watu wasiojulikana, ambao hupata mapato ya matangazo kwa idadi ya watazamaji. Mara nyingi wachezaji wenyewe hawajui kwamba wameonekana.

Suala la vibanda linabaki wazi. Pendekezo linalojadiliwa na wadau wa muziki katika nchi mbalimbali ni kumgeuza mrushaji wa nyimbo kuwa wakala, kwa kumpa leseni nafuu ya mwaka na orodha ya nyimbo zilizoidhinishwa, na sehemu ya malipo yake ikaenda kwa wenye haki, kama baa, hoteli na mabasi yanavyolipia muziki yanaopiga. Ugumu wake uko kwenye hesabu, kwa maana ya nani atajua ni nyimbo zipi zilizorushwa na mara ngapi. Lakini teknolojia ya malipo kwa simu iko mikononi mwa kila mfanyabiashara wa Mwanga, na kijana anayeweza kupokea malipo ya wateja wake kwa simu anaweza pia kukatwa asilimia kwa njia hiyo hiyo. Utaratibu wa aina hiyo ungemwacha na kibanda chake, na mvuvi na muziki wake wa usiku.

Kwa sasa wabunifu wanashauriwa kusajili kazi zao mapema. Mfumo wa kidijitali wa AMIS, unaotumiwa na BASATA, Bodi ya Filamu Tanzania na COSOTA, unamwezesha msanii aliyeko Kigoma kuwasilisha maombi bila kusafiri kwenda Dar es Salaam, na Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania hutoa mikopo kwa wabunifu. Wasanii wa mkoa wanaweza kupata maelekezo zaidi kwa maafisa utamaduni wa halmashauri zao.